Mkuu, toa kidole kwenye hiyo "jiondoe"

Hujabofya bado? Usibofye hicho kiungo cha kujitoa kwenye orodha ya mtumaji. Umeuliza spamu, yaani barua pepe za matangazo na utapeli usizoziomba, zimeijuaje anwani yako mpya ambayo wanayo ndugu na marafiki wachache tu, kama uhame kampuni ya barua pepe, na programu gani inazizuia. Sawa. Ila mstari wako wa mwisho ndio ulionipandisha presha: "Leo nakesha nabofya 'jiondoe' moja baada ya nyingine mpaka ziishe." Na waliochangia juu yangu wanakupongeza!

Haziishi. Mimi nilikesha hivyo hivyo, nikalala na tabasamu. Zikaja maradufu, na hayo ya maradufu ndiyo yalikuwa nafuu.

Elewa kwanza biashara ya anayetuma. Orodha yake imejaa makapi: anwani zilizokwishafungwa, za marehemu, nyingine hazijawahi hata kuwepo. Kutuma kwake ni karibu bure, kwa hiyo anarusha kote bila kuchagua. Asichokijua ni nani yupo hai upande wa pili, na wewe usiku huu unataka kwenda kumwambia kwa kidole chako mwenyewe.

Ukiwa kwenye kompyuta, peleka kishale juu ya hiyo "jiondoe" bila kubofya, halafu angalia kiungo kinachojitokeza chini ya skrini. Mwishoni kuna mkia mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Mara nyingi mkia huo ni wako peke yako; jirani yako aliyetumiwa barua ile ile ana wa kwake. Ukibofya tu, seva yao inaandika: huyu yupo, kafungua saa fulani, anatumia simu ya aina fulani. Umepanda daraja. Anwani yenye mtu inauzika kuliko kapi.

Sasa ngoja nikueleze kilichonipata, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea. Moja ya zile "jiondoe" ilinifungulia ukurasa mweupe, msafi, wenye adabu kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia. "Samahani kwa usumbufu. Andika anwani yako tukuondoe." Nikaandika. "Thibitisha kuwa wewe ndiye mmiliki." Pakaja kisanduku cha nenosiri, rangi na nembo vile vile kama za kampuni yangu ya barua pepe. Nilikuwa nimeshabofya kurasa nyingi mno, macho mazito, mkono unakwenda wenyewe. Nikaandika nenosiri. Tena likanijibu: "Asante, umeondolewa." Kweli niliondolewa.

Kwanza walituma matangazo kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yangu ya mawasiliano. Bosi wangu wa zamani alipokea kutoka kwangu dawa ya kupunguza kitambi. Cha ajabu, aliuliza bei. Nikabadilisha nenosiri, nikaomba radhi huku na huku, nikajua yamekwisha.

Hayakwisha, maana walichokuja kufanya hasa sikukiona. Ndani kabisa ya mipangilio ya akaunti, sehemu ambayo hakuna anayeifungua, walikuwa wametengeneza kanuni ndogo: barua yoyote yenye neno "ankara" au "malipo" itumwe nakala kwenye anwani yao, kisha ifutwe kwangu. Kanuni kama hiyo haiondoki kwa kubadilisha nenosiri. Ilikaa pale inafanya kazi kimya kimya huku mimi natembea kifua mbele kwamba nimejilinda. Walisoma ankara niliyomtumia mteja, wakaigeza ile ile, wakabadilisha namba ya akaunti ya benki tu, wakamtumia kutoka anwani inayotofautiana na yangu kwa herufi moja. Mteja akalipa. Alipoandika kunijulisha kuwa amelipa, barua yake nayo ikafutwa kabla sijaiona, maana ina neno "malipo". Mimi nikawa namlaumu moyoni kwamba ni mgumu wa kulipa! Ile fedha haijarudi, na mteja naye haijarudi imani yake kwangu, ingawa tunasalimiana.

Aliyenifundisha ni bwana mmoja wa video, yule wa taa za rangi nyuma ya kiti, anayejiita mtaalamu. "Safisha inboksi yako kwa dakika kumi, bofya jiondoe kila unapoiona!" Kila unapoiona. Hakusema neno lolote kuhusu tofauti ya duka ulilojiandikisha mwenyewe na mtu usiyemjua. Nilimwandikia yaliyonikuta, akanijibu na kile kikatuni cha mikono iliyoshikana. Video bado ipo, inawasubiri wengine kama wewe.

Basi kanuni yangu ni hii, nyingine zote chukua au acha: kubofya ni kujibu, na barua ambayo hukuiomba haijibiwi. Usiitukane, usiiombe ikuache, usifungue kiambatisho "kuona tu". Hata picha zilizomo ndani zizuie zisijifungue zenyewe, maana huwa wanapachika kijipicha cha nukta moja kisichoonekana kwa jicho, na kikipakuliwa tu wanajua umefungua. Gmail tangu 2013 wanapitisha picha kwenye seva zao, kwa hiyo mtumaji haoni ulipo, lakini kujua kwamba imefunguliwa bado anaweza. Kazi yako iwe kuitia alama ya taka. Ukiifuta tu, kichujio hakijifunzi kitu.

"Jiondoe" ya kweli ipo, sikatai. Ni kwa zile ulizojiandikisha mwenyewe na unazikumbuka, na afadhali utumie kitufe ambacho programu ya barua pepe yenyewe inakiweka juu, karibu na jina la mtumaji. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanawataka wanaotuma barua za matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Tapeli hilo halimhusu.

Anwani yako wameipata wapi? Kwani njia ni moja? Kuna roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, zinazopita kwenye tovuti zikiokota kila chenye alama ya @. Kuna kubahatisha: kama anwani yako ni jina na mwaka wa kuzaliwa, programu inaibuni bila kuibiwa popote. Na hao ndugu wachache ndio hasa, mkuu. Mmoja wao akisakinisha programu ikamwomba orodha ya mawasiliano, akabofya "ruhusu", wewe umo. Kuna uvujaji pia: wizi wa Yahoo wa 2013 uligusa akaunti zao zote, bilioni 3. Huenda hata upya wa anwani yako si upya. Mwaka huo huo Yahoo walitangaza kuwagawia watu wapya majina ya akaunti zilizolala. Na si mambo ya jana. Barua inayohesabiwa kuwa spamu ya kwanza, ya Gary Thuerk mwaka 1978, akitangaza kompyuta za kampuni ya DEC, ilikwenda kwa watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, na anwani zao zilinakiliwa kutoka kitabu kilichochapishwa cha orodha ya watumiaji. Hakuna aliyeombwa ruhusa hata siku hiyo.

Umesema utakesha leo, lakini namna ulivyoandika nahisi umeshaanza. Kama kuna ukurasa hata mmoja ulioweka nenosiri, kabadilishe sasa hivi, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio na ya kuelekeza barua kwingine. Ukikuta kanuni ambayo hukuiweka wewe, ipige picha kabla hujaifuta, uje uiweke hapa tuone inatafuta maneno gani.