Fungua kichupa hata kwa mtoto mmoja

Wiki iliyopita niliandikiwa na muuguzi mmoja aliye kwenye zahanati ya ndani kabisa, kanda ya magharibi. Ujumbe wake ni mrefu, nafupisha: surua imepita kwao, watoto wamelazwa wawili wawili kitanda kimoja na wengine chini kwenye mikeka, kampeni ya dharura imefanyika, ripoti imeenda wilayani ikiwa na asilimia 108 ya walengwa. Sasa mganga mfawidhi ametakiwa alete "mpango wa kuimarisha chanjo", na kama ilivyo ada, karatasi imeteremka mpaka kwa mdogo kuliko wote. "Dada, nianzie wapi? Mbona tumeshachanja hadi tukapitiliza?"

Nimemjibu kwa simu, lakini naona nimjibu na hapa, maana najua mko wengi mnaotaka anachokitaka yeye: kituo chako kitajwe kwa mema kwenye kikao, na mtoto asife kwa ugonjwa wenye chanjo.

Tuanze na hiyo 108. Mdogo wangu, asilimia 108 maana yake ni kwamba hujui una watoto wangapi. Namba ya walengwa inatoka kwenye makadirio ya sensa, na makadirio hayana habari kwamba mwaka jana familia kadhaa zimehamia na ng'ombe wao ng'ambo ya mto. Tazama Katavi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604, ya 2022 ikakuta 1,152,958. Mkoa umekuwa maradufu ndani ya miaka 10. Ukigawa waliochanjwa kwa namba iliyo ndogo kuliko watoto waliopo, unapata asilimia ya kupigiwa makofi, na huku porini kuna watoto ambao hawajawahi kuona sindano. Hao ndio surua inawatafuta, na itawapata kabla yako.

Najua ninachosema kwa sababu kwetu iliingia hivyo hivyo. Nilikuwa kwenye zahanati inayohudumia vijiji vitatu, mimi na mhudumu mmoja, na takwimu zetu zilikuwa nzuri. Surua haikuanzia kijijini. Ilianzia kwenye vitongoji vya wafugaji ambavyo kwenye ramani tuliyobandika ukutani havikuwepo. Mtoto wa kwanza aliletwa jioni na bibi yake, kwa baiskeli. Macho mekundu yamejaa tongotongo, kikohozi hakimpi nafasi ya kunyonya, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka hadi kifuani. Bibi alikuwa na sharti moja: mjukuu asichomwe sindano, vipele vitaingia ndani. Sikubishana naye. Nilichukua kidonge chekundu cha vitamini A, nikakata ncha yake kwa mkasi, nikamkamulia mtoto mdomoni, nikamwambia bibi kesho aje tena tumpe cha pili. Kesho yake akaja, na watoto wa majirani nyuma yake. Nikauliza kadi za kliniki. Wakatazamana.

Kilichofuata mnakijua waliopitia. Sampuli za damu, magari yenye namba za serikali, wageni wenye vizibao, kampeni, posho, picha. Naruka.

Nisichoweza kukiruka ni kikao cha tathmini. Mkubwa mmoja, simtaji wala sitamtaja, alisimama mbele ya wenzangu wote akasema surua imetupata kwa sababu "kuna wauguzi wanalala". Kwenye pochi yangu siku ile nilikuwa na nakala za barua nilizoandika kuomba petroli ya huduma ya mkoba, yaani kuifuata jamii huko iliko na kuchanja, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa. Sikuzitoa. Nilikaa kimya nikanywa chai yao. Mpaka leo nikipita mbele ya ukumbi ule tumbo linanisokota, na wale waliocheka nawakumbuka kwa sura.

Basi niliporudi kituoni nikajiapiza kwamba hawatapata tena la kusema. Na jambo la kwanza nililoligeuza halikuhitaji petroli wala semina.

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu, kichupa cha dozi 10, na maji yake ya kuchanganyia kando. Ukishachanganya una saa 6. Zikipita, kilichobaki hakifai tena. Sasa mama amefika Jumanne na mtoto wa miezi 9. Unatazama benchi, wa surua ni huyo peke yake. Unafikiria dozi tisa zitakazotupwa, unafikiria safu ya upotevu kwenye ripoti ya mwezi, unafikiria simu ya mratibu wa chanjo wa wilaya. Unamwambia, "Mama, surua tunafungua Alhamisi." Mama huyo ametoka kwake kabla ya jua, mtoto mgongoni, mwingine anamburuta kwa mkono. Alhamisi ni siku ya mnada, ana nyanya za kuuza. Anaitikia "haya, sista", na ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Mwongozo uko wazi: fungua hata kwa mtoto mmoja. Upotevu wa chanjo hii umeshawekwa kwenye hesabu wakati wa kuagiza, hakuna anayekudai dozi hizo tisa. Nilianza kufungua siku yoyote ya kliniki. Mratibu akapiga simu: "Sista, mbona unatupa dozi nyingi?" Nikamwambia aniongezee vichupa. Akanyamaza, halafu akaleta. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa safu ile ile.

Nasisitiza hili kuliko mengine kwa sababu ndilo wengi mnalolifanya na hamlioni kuwa ni tatizo. Mnawahesabu akina mama waliokosa kuja. Wale waliokuja mkawarudisha mnawaandika wapi?

La pili ni dozi ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Tanzania tumeanza kuitoa 2014, lakini ukifungua kitabu cha MTUHA namba 7, rejesta ya watoto ya kituo, mistari mingi imejaa vizuri mpaka miezi 9, baada ya hapo ni safu nyeupe. Mama ana sababu zake. Mtoto anatembea, anakula ugali, haumwi. Na pengine yeye mwenyewe ana mimba nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba bado. Hesabu yake ni hii: dozi moja ikitolewa miezi 9 inakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Chukua kijiji chenye watoto 200 wanaozaliwa kwa mwaka, na tuseme umewachanja wote, hata mmoja hajakuponyoka. Watoto 30 hawana kinga. Miaka minne, 120. Hao wanaosha vyombo pamoja, wanalala pamoja, wanaingia darasa la awali pamoja, na mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana wataalamu wanataka asilimia 95 ya watoto wachanjwe, na kwa dozi mbili. Nilikuwa nachukulia ile 95 kama mapambo ya mabango mpaka nilipoifanyia hesabu mwenyewe nyuma ya karatasi ya kalenda.

Kwa hiyo usihesabu watoto kwa asilimia. Wahesabu kwa majina. Nilinunua daftari kubwa la kurasa nyingi, kila kitongoji na kurasa zake, nikawaendea wenyeviti na mabalozi, nikakaa nao chini ya mwembe na kuwauliza nyumba kwa nyumba: nani kazaa, nani kahamia, nani kaenda kujifungulia kwao. Vile vitongoji visivyokuwa kwenye ramani nilivichora kwa kalamu. Kila Ijumaa jioni nilikaa na daftari na kitabu namba 7, nikatia alama. Aliyepitiliza siku yake ya chanjo namtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampitie. Ni kazi ya kuchosha, hakuna mgeni atakayekuja kukupiga picha ukiifanya. Huduma ya mkoba nayo niliihamisha kutoka nyumbani kwa mwenyekiti nikaipeleka mnadani. Nilipewa kivuli pembeni ya wauza chumvi. Wamama walewale niliokuwa nawaita "wagumu" walikuja wenyewe na watoto, wakichanjwa wanarudi kwenye biashara zao.

Mwaka uliofuata watu walitoka mbali kuja kuona daftari langu. Nasema hili bila haya. Walilipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Yule mkubwa wa kikao naye alikuja, akaeleza wageni "mkakati wetu". Mimi sikuitwa kwenye chakula cha mchana. Haidhuru, daftari lilikuwa na mwandiko wangu.

Lakini usikimbilie idadi ukasahau meza yako. Mnaikumbuka Samoa, ile nchi ya visiwa vya Pasifiki? Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa mara tu baada ya kuchanjwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Unga wa chanjo ulikuwa umechanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Wauguzi wawili wakafungwa. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, ila serikali iliisimamisha kwa miezi, na iliporudi wazazi walikuwa wameshaogopa. Watoto waliopata dozi ya kwanza mwaka 2018 walikadiriwa kushuka hadi asilimia 31. Surua ilipoingia 2019, nchi ya watu wapatao laki mbili ilipata wagonjwa zaidi ya 5,700 na vifo 83, wengi wao watoto wadogo. Tarehe 5 na 6 Desemba shughuli zilisimama nchi nzima, na nyumba yenye mtu asiyechanjwa ikatakiwa kutundika kitambaa chekundu nje ili timu zijue pa kuingia. Yote hayo yalianzia kwenye kichupa ambacho mtu hakusoma maandishi yake. Mimi kwenye jokofu la chanjo hakukai kitu kingine. Dawa ya mtu haikai, na soda ya mganga mfawidhi nilishaitoa nikaiweka juani. Maji ya kuchanganyia yakae na chanjo yake, soma lebo kwa sauti kabla ya kuvuta, hata kama benchi limejaa na wamama wanakutazama.

Na ulimi. Hapa nitawaudhi, ila nitasema. Mama amefika kadi imeloa mvua, au imeliwa na mchwa, au ameiacha kwa mume aliyemkimbia. Wewe unamfokea mbele ya wenzake: "Umezaa unajua, kutunza kadi hujui?" Nimeyasikia haya kwa masikio yangu vituoni, na wanaoyasema wana vyeti kuliko mimi. Mama yule hatarudi, na atawaambia na wengine watano. Kadi mpya ni karatasi. Mwandikie, mtafute kwenye kitabu, usipompata mchanje. Dozi ya ziada ya surua haimdhuru mtoto. Tusihubiri habari za uelewa mdogo wa jamii wakati sisi ndio tunaowafukuza. Mwenyezi Mungu atatuuliza hilo, naamini hivyo.

Kuna jambo wakubwa hawapendi kulisikia. Mlipuko unaleta fedha na macho, na vyote viwili vinaondoka na mgonjwa wa mwisho. Majirani zetu wa Kongo kati ya 2018 na 2020 walizika zaidi ya watu 7,000 kwa surua, wengi watoto, kwenye wagonjwa wanaokadiriwa kuzidi 380,000, na dunia nzima wakati huo ilikuwa inatazama Ebola ya mashariki iliyoua 2,287. Kampeni kubwa zilifanyika, mlipuko ukatangazwa kwisha Agosti 2020, na miaka iliyofuata surua ikarudi tena. Kampeni inafagia watoto waliopo leo. Watakaozaliwa mwezi ujao wanategemea kliniki ya Jumanne, jokofu linalofanya kazi na pikipiki yenye mafuta.

Kwa hiyo huo mpango unaoandika, mdogo wangu, usiujaze maneno ya semina. Surua bado iko vichwani mwa watu, na miezi hii michache ndiyo watakusikiliza. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake yanapitia kamati ya usimamizi ya kituo chenu. Wanakamati hao ni wanakijiji. Wengine wamezika mjukuu mwaka huu. Nenda nao. Petroli ya mkoba iwe na mstari wake peke yake, isifichwe ndani ya "uendeshaji wa kituo" ambako italiwa na shajala. Andika lita ngapi, vitongoji gani, tarehe zipi za mnada. Weka gesi au fundi wa sola wa jokofu, weka posho ya wahudumu wa jamii hata kama ni ndogo. Wakikata mstari wako huko juu, waombe waandike kwamba wamekata, waweke sahihi, na nakala ubaki nayo wewe. Kikao kikiitishwa, uitoe.