Maswali ya Wasomaji: Kusoma Msitu wa Mawingu Ukiishi Nyumbani kwa Watu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja wa ikolojia ya kitropiki na uhifadhi huko Monteverde, Costa Rica, na sehemu ya muda huo nitakaa na familia ya wenyeji. Baba anauliza kwa nini nisipangiwe bweni kama wanafunzi wengine. Mama anahofia chakula, kwa kuwa sisi ni Waislamu. Kihispania sikijui isipokuwa salamu. Je, mpango huu una faida gani kimasomo, na nijiandae vipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali la baba, maana hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Msitu wa Monteverde, ambao ni msitu wa mawingu, yaani wa mlimani unaofunikwa na ukungu mara nyingi, hauelezeki bila kuzitaja familia zinazouzunguka. Mwaka 1951 kikundi cha Waquaker kutoka Alabama, Marekani, watu ambao imani yao hairuhusu kushika silaha, kilihamia mlimani pale kwa sababu Costa Rica ilikuwa imelifuta jeshi lake mwaka 1948. Walifuga ng'ombe wa maziwa, wakajenga kiwanda cha jibini, lakini msitu wa juu hawakuufyeka, kwa kuwa ndiko vilikoanzia vijito walivyovitegemea kwa maji. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1972, msitu huo wa maji ulikuwa umetunzwa kwa takriban miaka 20 na wafugaji, si na askari wa wanyamapori.

Darasani utafundishwa pia kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 1996 ilipiga marufuku kugeuza msitu wa asili kuwa shamba au malisho, na kwamba serikali humlipa mwenye ardhi anayeuacha msitu wake usimame, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa hutokana na kodi ya mafuta ya magari. Hayo utayasoma kwenye kitabu na kuyajibu kwenye mtihani. Lakini kama malipo hayo yanashinda faida ya maziwa, kama mwenye eka chache anaweza kuyangoja, na kama kijana wa nyumba ile angependa kufuga au kuongoza watalii, hayo utayasikia mezani wakati wa chakula cha jioni, kutoka kwa watu wanaopiga hesabu hiyo kila mwezi. Bweni lingekupa usingizi mzuri na wenzako wa kupiga nao soga. Mazungumzo hayo lisingekupa.

Wewe nawe huendi mikono mitupu. Monteverde ilikuwa makazi ya chura wa dhahabu, aliyeonekana kwa mamia mwaka 1987, akaonekana mara ya mwisho mwaka 1989, na hatimaye akatangazwa kuwa ametoweka duniani. Wanasayansi wametaja ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura pamoja na ukame wa miaka ile, na bado wanabishana juu ya uzito wa kila kimoja. Sasa wasimulie wenyeji wako habari za chura wa Kihansi, wa kwetu Tanzania, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, ambaye mvuke wa maporomoko yake ulipungua baada ya bwawa la umeme kujengwa, akatoweka porini, akahifadhiwa katika bustani za wanyama za Marekani, na akaanza kurudishwa bondeni kwake mwaka 2012. Sidhani kama utapata mada iliyo bora zaidi ya kuvunja ukimya wa siku za kwanza, hata kwa Kihispania cha kuungaunga.

Kuhusu chakula, mwambie mama asiwe na wasiwasi mkubwa, lakini wewe usinyamaze. Kifungua kinywa cha kawaida kule ni wali uliokaangwa pamoja na maharage meusi, wenyewe wanauita gallo pinto, pengine na yai. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida, na baadhi ya wapishi hutumia mafuta yake, kwa hiyo usiulize nyama peke yake, uliza na mafuta. Andika kwenye fomu ya maombi, kabla familia haijachaguliwa, kwamba huli nguruwe, na kwamba nyama nyingine utaila ikiwa imechinjwa kwa taratibu zenu tu. Mayai, samaki na maharage yatakutosha. Waeleze pia saa zako za sala mapema, wasije wakashtuka kusikia maji yanamwagika alfajiri.

Lugha isikutie hofu, ila usingoje ufike. Jifunze kwanza vitenzi vya nyumbani: kula, kuosha, kuchelewa, kuumwa, kusaidia. Wenyeji wengi wa Costa Rica hutumia usted, namna ya heshima, hata kwa jamaa zao, nawe uliyezoea shikamoo hutaona ajabu.

Mengine ni madogo. Monteverde iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hivyo chukua sweta na koti la mvua. Gambuti ni lazima, kwa matope na kwa nyoka. Katika nyumba nyingi karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo, haitumbukizwi chooni, maana mabomba ni membamba. Costa Rica iko nyuma yetu kwa saa tisa: ukipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, kwenu ni saa tisa alasiri. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani. Zawadi iwe kitenge, wala si mbegu au mche wowote, na mwanafunzi wa ikolojia hahitaji kuelezwa sababu. Programu huwa inailipa familia, hivyo usitoe fedha mkononi, lakini sahani yako ondoa mwenyewe. Ukiona jambo la kukutia shaka katika nyumba hiyo, mwambie mratibu siku ileile. Kuhamishwa si aibu.

SWALI: Tumeombwa kumpokea mwanafunzi wa kigeni anayekuja kusoma msitu wa Amani. Tubadilishe nini nyumbani?
Mama wa watoto wanne, Muheza

JIBU: Mama, badilisha machache sana. Mpe chumba chenye mlango unaofungwa, maji ya kunywa yaliyochemshwa na chandarua kisichotoboka. Ugali na mchicha apikiwe kama mnavyokula siku zote. Kabla hajafika, hakikisha waratibu wamekamilisha vibali vyake vya ukaazi na vya utafiti, na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Kisha tarajia maswali. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na mgeni wako atataka kujua kuhusu iliki iliyokuwa ikilimwa chini ya kivuli cha miti ya msituni, nani aliilima, na familia hizo zinaishi kwa nini sasa. Kama mzee wa nyumba aliwahi kuilima, mwombe akae naye jioni moja amsimulie, hata yale ya hasara.