Kuku wa Kijani: Barua kwa Mwanangu

Moshi, Jumatano jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikiwa shambani, mara ya pili pamoja na mama yako baada ya chakula. Unauliza kama kuna maana yoyote kumpeleka mtoto wa miaka miwili kwenye maonyesho ya vitabu vya picha hapo Arusha Jumamosi hii. Kusoma hajui, kutulia hatulii, na mwenzio anasema heri asubiri mpaka aanze chekechea. Tena unaogopa asije akachana kitabu cha watu mkaaibika.

Mpeleke. Ningeweza kukujibu hivyo kwa simu, lakini jambo hili lina habari yake humu nyumbani ambayo sikuwahi kukusimulia vizuri, kwa hiyo nimeona nikae niandike.

Ulipokuwa na umri wake nilikuwa fundi wa mashine ya kuchapa. Miaka ile ndiyo vitabu vya watoto vya Kiswahili vilikuwa vinaanza kuonekana tena baada ya ukame mrefu. Miaka ya themanini karatasi ilikuwa shida, na kilichopatikana kiliishia kwenye vitabu vya kiada. Mwaka 1991 ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulikuwa unanunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, na hapo wachapishaji wakapata moyo. Vingi vilikuwa na rangi kwenye jalada tu. Siku tukipata kazi ya kitabu chenye rangi ndani, mafundi wote tulikuwa tunaisogelea mashine kutazama.

Kitabu cha picha hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa hubeba kurasa nane mbele na nane nyuma, halafu hukunjwa na kukatwa. Ndiyo maana vitabu hivi mara nyingi vina kurasa 32: ni karatasi mbili kubwa zilizokunjwa. Kabla ya kukunjwa, kurasa nusu zimesimama na nusu zimelala kichwa chini, na ukurasa wa kwanza unaweza kuwa jirani na wa kumi na sita. Mashine yetu ilikuwa ya rangi moja, kwa hiyo karatasi ilipita mara nne: njano, bluu, nyekundu ya waridi, mwisho nyeusi. Za mwanzo ziliharibika kila mara, tukizitumia kupatanisha rangi, na fundi aliruhusiwa kuzibeba nyumbani.

Siku moja nilileta karatasi iliyopita njano na bluu tu. Kulikuwa na kuku na vifaranga kwenye karibu kila ukurasa. Walitakiwa wawe wa kahawia, lakini kwa kuwa nyekundu haikuwa imepita, wote walikuwa kijani kama majani ya mgomba. Mama yako akaitandaza sakafuni sebuleni ili uchezee. Wewe ukaanza kuizunguka ukitambaa, ingawa kutembea ulishajua. Ukifika kwa kuku aliyelala kichwa chini unahamia upande wa pili, unamtazama akiwa amesimama sawasawa, unampiga kwa kiganja na kusema "kuku." Ukamaliza kuku wote, ukaanza upya. Mama yako alipika, akapakua, akaja kukuita, bado uko pale. Hukuuliza mbona ni kijani. Miguu unaijua, mdomo unaujua, basi ni kuku.

Kitabu chenyewe kilipokamilika nilipewa nakala. Nilikiwekea jalada la gazeti, nikakufungulia kurasa mbili tatu nikiwa nimekishika mimi. Ukavuta, kona ikachanika. Nikakupiga mkono, nikakifungia kabatini. Nilijua kitabu kinavyohangaikiwa mpaka kikamilike na niliona ni haki yangu kukilinda. Lakini baada ya hapo nikifungua kitabu chochote mbele yako ulikuwa unaficha mikono nyuma ya mgongo. Ilichukua miezi mpaka ukaguse ukurasa tena. Hilo limekaa moyoni mwangu miaka yote hii, na ndilo ninalotaka lisimpate mjukuu wangu.

Kwa hiyo unaposema hajui kusoma, mimi nakumbuka wewe ukiizunguka ile karatasi. Niliwahi pia kusoma kuhusu utafiti wa mwaka 1998 wa mama mmoja Mmarekani, Judy DeLoache, na wenzake. Waliwawekea watoto wa miezi tisa vitabu vyenye picha za vitu, na watoto wale wakajaribu kuvichomoa kutoka kwenye ukurasa kama mtu anavyookota kijiko mezani. Walifanya hivyo watoto wa Marekani na pia wa kijijini Côte d'Ivoire ambao vitabu vya picha hawakuwa wamevizoea. Wa miezi kumi na tisa hawakuchomoa tena, walinyoosha kidole. Ule mkono ulioshika umegeuka kidole kinachoonyesha, na hiyo ni elimu kubwa mtoto anaipata kabla ya herufi yoyote. Wa kwako ana miaka miwili. Kidole anacho tayari, sasa anataka vitu vya kuvinyooshea na mtu wa kumwonyesha.

Sasa ya Jumamosi yenyewe. Maonyesho ya namna hii mara nyingi huwa na sehemu mbili: michoro ya asili iliyotundikwa ukutani, na nakala za vitabu zilizowekwa ili zishikwe. Mkifika tu uliza zipi za kushikwa. Kwenye michoro mbebe au mshike mkono, hapo hakuna mjadala, maana mchoraji hana mwingine kama huo. Kwenye vitabu vya kushikwa mwachie. Anza na vile vya kurasa ngumu kama boksi, ambavyo vimetengenezwa vivutwe na hata vitafunwe. Akichana ukurasa wa kawaida, mwambie mhusika, omba radhi, lipa kama kuna kulipa. Mtoto usimfokee. Gharama ya kitabu kimoja mimi nitaibeba.

Na kabla hujamwonyesha chochote, chuchumaa hapo mlangoni utazame kwa urefu wake. Mtoto wa miaka miwili ana kama sentimita 86. Picha hutundikwa usawa wa macho ya mtu mzima, katikati yake ikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Akisimama peke yake anachoona ni magoti ya watu na mikoba. Ukimbeba, msogeze karibu, halafu mrudishe nyuma kidogo. Mchoro wa asili hauna vile vitone vya wino vinavyoonekana kwenye kitabu ukikisogeza machoni. Unaona mahali brashi ilipokatia, rangi imesimama. Kama kutakuwa na kazi za mtindo wa Tingatinga, simama nazo zaidi. Edward Saidi Tingatinga na wenzake walichora kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, na macho ya mtoto huufuata mng'ao. John Kilaka, aliyejifunza kwa wachoraji wa mtindo huo Dar es Salaam, ametunga vitabu vya watoto ambavyo wanyama wake wanavaa nguo kama watu. Mbele ya picha kama hizo mwache mtoto aseme mwenyewe nani ni nani.

Usimfanyie mtihani wa "hii nini, na hii nini" ukuta mzima. Msubiri anyooshe kidole, utaje, kisha uongeze neno moja. Akisema "kuku," mwambie "ndiyo, kuku anakimbia." Na ukiweza litaje pia kwa Kichaga, kama bibi yake anavyolitaja. Akigoma kwenye picha moja dakika kumi, kaeni dakika kumi. Msipomaliza hata chumba kimoja hamjapoteza nauli.

Nendeni asubuhi akishakunywa uji, kabla vifodi havijajaa na kabla usingizi wake wa mchana haujamvaa. Beba kitambaa kilicholowa maji kwa ajili ya mikono. Akianza kusugua macho, ondokeni, hata kama mlango mmeuingia nusu saa tu iliyopita.

Mkwe wangu mwambie hoja yake nimeielewa, na siibezi. Chekechea watamfundisha herufi na tutashukuru. Lakini mtoto anayefika pale akiwa ameshapenda kufungua ukurasa, na asiyeogopa kuugusa, mwalimu atamtambua siku ile ile. Mwombe aje naye, ambebe yeye, maana yeye ndiye mrefu.

Ile karatasi ya kuku wa kijani bado ipo. Mama yako aliikunja akaiweka chini ya kanga zake sandukuni, nami sikujua mpaka jana usiku alipoitoa baada ya kusikia sauti yako. Imechakaa kwenye mikunjo, na upande mmoja kuna alama ya kiganja chako, nadhani ulikuwa umetoka kula ndizi. Jumamosi nitapanda kosta ya kwanza nije nayo. Nisubirini hapo Sakina, msimvalishe viatu kabla sijafika. Nataka tuitandaze sakafuni kwanza, nione ataanza na kuku yupi.

Baba yako