Maswali ya Wasomaji: Ufa wa Mtumbwi, Maji ya Takwa na Kafi

SWALI: Assalamu alaykum, mhariri. Nimenunua mtumbwi wa mwembe uliokaa juani miezi minne. Una ufa wa shubiri mbili upande wa omo, yaani mbele, na unavuja. Kuna mtu anataka kuuziba kwa saruji. Nimkubalie? (Msomaji, Matondoni)

JIBU: Wa alaykum salaam. Usimkubalie hata kidogo. Mti ukikauka hunywea, ukilowa huvimba. Saruji haifanyi lolote kati ya hayo. Ukiuziba ufa ungali mkavu, siku utakapoushusha mtumbwi majini mti utavimba, utabanana na kile kigumu kilichoingizwa, na ufa utarefuka kuelekea tumboni. Ndipo chombo kizima huharibika kwa ajili ya shubiri mbili. Nyufa nyingi huanzia omo au tezi, yaani nyuma, kwa sababu pale nyuzi za mti zimekatwa, na unyevu hutoka upesi kuliko ubavuni.

Uhamishie mtumbwi kivulini, uujaze maji ya bahari, uufunike kwa magunia mabichi, uuache siku tatu au nne. Nyufa nyembamba zitajifunga zenyewe. Palipobaki wazi ndipo pa kutia kalafati, yaani pamba ya kuzibia. Kwanza toboa tundu la milimita 5 hivi pale ufa unapoishia, maana bila tundu hilo utaendelea kutembea. Sokota pamba, uichovye katika mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), uishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Mkono uwe mwepesi: pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi hugeuka kabari, ikapasua kile ulichotaka kukiziba. Acha kina cha nusu sentimita juu, ukijaze deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Ufa unaoingia kidole gumba hauponi kwa pamba. Huo unataka kiraka cha ubao, kikalie kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta, na matundu ya misumari yatobolewe kwanza ili ubao usipasuke. Mwisho paka sifa ubavuni nje, mara mbili, ya kwanza ikishanyweka. Tangu hapo, kila ukiupandisha pwani, acha maji ya vidole viwili ndani na uufunike makuti. Jua la mchana ndilo lililokupasulia mtumbwi, si bahari.

SWALI: Tuko watano, tuna mitumbwi miwili. Tunataka kupiga makafi kutoka mji wa Lamu hadi magofu ya Takwa. Wenzetu walikwama kwenye matope ya mikoko mpaka usiku. Tutoke saa ngapi? (Vijana wa Langoni)

JIBU: Saa ya ukutani haitawasaidia; tazameni mwezi. Hori, yaani mkono wa bahari, ya kuingilia Takwa, upande wa kisiwa cha Manda, hupitika maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana, lakini kilele chake huangukia karibu na saa kumi alasiri, na kurudi kwenu kutakutana na giza. Maji mafu, ya siku za nusu mwezi, nayo hujaa kidogo, mtasugua matope. Siku nzuri ni ya 11 au ya 12 ya mwezi wa kuandama: maji yana kina cha kutosha na kilele huwa mapema mchana, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hakikisheni kwenye jedwali la maji, au kwa nahodha mmoja wa gatini.

Tokeni mjini zikiwa zimebaki saa tatu kufika kilele, ili mkondo wa kujaa uwaingize horini. Gawanyeni maji ya kupwa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hushuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Maji yanayopwa mita 3 kwa jumla hupungua sentimita 25 tu katika saa ya kwanza, lakini 75 katika ya tatu. Wenzenu bila shaka waliihesabu saa ya kwanza wakadhani zote ziko hivyo. Muwe mmeshaondoka Takwa ndani ya nusu saa baada ya kilele.

Msimu wa kusi, upepo wa kusini, msisogee mlango wa bahari wa Shela maji yakipwa. Mkondo hutoka, upepo huingia, na mawimbi husimama mafupi, makali, yakimwagikia ndani ya mtumbwi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na kila mtumbwi uwe na upo wa kukumbia maji, umefungwa kamba. Ukipinduka, ushikeni, mti huelea hata ukijaa maji, na kichwa cha mtu peke yake hakionekani mbali.

SWALI: Nikipiga kafi kulia, mtumbwi unakwenda kushoto. Kafi langu ni fupi? (Msomaji wa kike, Shela)

JIBU: Dada, urefu upime hivi: kaa kitini, mpini bila bapa ufike puani. Lakini kupinda ni kawaida ya kafi la upande mmoja. Ukimaliza kuvuta, kafi likiwa usawa wa nyonga, zungusha mkono wa juu mpaka kidole gumba kielekee chini, kisha sukuma bapa nje kidogo, mbali na ubavu. Tazama pia mzigo: omo ikizama kuliko tezi, mtumbwi huyumba hata kwa mpigaji hodari. Sogea nyuma shubiri moja, ujaribu tena.