Mpira wa Kumwagilia kwa Bustani ya Mteremkoni

Wengi wetu tunaponunua mpira wa kumwagilia huanza kwa kuuliza bei ya mita moja, lakini mimi nashauri tuanze kwa kujiuliza ni nani atakayeuvuta. Bustani yetu ya mchicha na chainizi iko Nyasaka, jijini Mwanza, kwenye mteremko wenye mawe, na anayeimwagilia jioni ni mama mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuburuta mzigo kati ya majabali. Mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30 ukijaa maji hubeba karibu lita 4, yaani kilo 4 juu ya uzito wake wenyewe, ilhali ule wa robo tatu inchi wa urefu huohuo hubeba zaidi ya lita 8. Kwa mzee, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hata hivyo, anayetegemea tenki lililoinuliwa mita chache tu asikimbilie mpira mwembamba, kwa sababu msukumo wake ni mdogo tangu mwanzo na msuguano wa njia ndefu huzidi kuupunguza. Ni afadhali fundi afukie bomba la plastiki hadi katikati ya bustani na kufunga koki hapo, ili mpira mfupi wa robo tatu inchi utoshe.

Dukani, tazama ncha iliyokatwa: ukuta uwe na unene sawa pande zote, na nyuzi zionekane kati ya tabaka mbili. Kisha uzungushe mpira uwe duara lenye upana wa sahani. Ukijibana na kufanya kona papo hapo, uache.

Kuuhifadhi ndiko kunakopuuzwa zaidi, na hapa Mwanza, karibu kabisa na Ikweta, jua halisamehe plastiki. Mpira unaoachwa juu ya jabali hukakamaa na kupasuka, na maji yaliyolala ndani yake hupata moto wa kuweza kumuunguza mtoto. Sisi tumefunga rimu kuukuu ya gari ukutani, upande wenye kivuli, kwenye kimo cha kiuno ili mama asiiname. Msumari haufai, kwa kuwa hubana mpira mahali pamoja. Kabla ya kuuzungushia, funga koki, uchomoe, kisha uinue ncha ya juu ili mteremko wenyewe uyatoe maji. Koki ikiachwa wazi wakati wa mgao, maji yakirudi usiku mpira huchomoka na udongo wote husombwa.

Jambo moja nalisisitiza kwa nyumba za mlimani: maji yakikatika na majirani wa chini wakifungua koki zao, bomba laweza kuvuta maji kinyumenyume. Kwa hiyo mdomo wa mpira usizamishwe kamwe ndani ya beseni lenye dawa ya wadudu. Jaza maji kwanza, utoe mpira, ndipo uchanganye dawa.