Swichi ya tuwei na waya wa athi: kwa fundi anayeanza

Mdogo wangu uliyetoka VETA juzi, au unayejifunzia kazi saiti nyuma ya fundi: swichi ya njia mbili, ile tuwei ya ngazini na koridoni, ndiyo itakayoonyesha kama umeelewa umeme au umekariri rangi za waya. Kuifunga mpaka taa iwake hakukuchukui muda. Kazi ni kuifunga ili hata atakayekuja kuibadilisha miaka mingi baadaye asipigwe shoti.

Swichi yenyewe ina sehemu tatu za kufunga waya: COM, L1 na L2. Laini, yaani waya unaoleta umeme, inatoka kwenye breka na kuingia COM ya swichi ya chini. Nyaya mbili zinaunganisha L1 kwa L1 na L2 kwa L2, kisha COM ya swichi ya juu inapeleka umeme kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, haipiti kwenye swichi, inakwenda moja kwa moja kwenye holda. Maandishi yakiwa yamefutika, weka mita kwenye mlio: L1 na L2 hazilii zikipimwa pamoja, swichi ikiwa juu au chini. Inayolia na hii, ukibonyeza ikalia na ile, ndiyo COM.

Sasa shika hili. Katika zile nyaya mbili za kati, moja ina volti 230 wakati wote, taa iwe imewaka au imezima. Ukibonyeza swichi ya chini, umeme unahamia kwa mwenzake. Kwa hiyo taa kuzima hakukwambii lolote kuhusu boksi unalotaka kulifungua. Zima breka, ifunge au uweke mtu wa kuilinda isiwashwe, kisha pima kwa mita. Testa peke yake usiiamini. Nyutro ikikatika, testa itawaka hata kwenye waya wa nyutro.

Kuna uunganishaji ninaoukemea kila ninapoukuta: laini ya taa ya ngazi imechukuliwa sakiti ya ghorofa ya chini, nyutro imechukuliwa sakiti ya ghorofa ya juu kwa sababu ilikuwa karibu. Taa inawaka vizuri kabisa. Siku fundi mwingine anazima breka ya juu na kufungua ile nyutro, umeme wa chini unapita kwenye taa na kumfikia mkononi. Laini na nyutro za taa moja zitoke sakiti moja, hata kama itabidi uvute waya mrefu zaidi.

Athi nayo, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Wengi wanaikata wakisema swichi ni ya plastiki. Boksi ukutani mara nyingi ni la chuma, na mwenye nyumba anaweza kesho kununua swichi ya sahani ya chuma. Fikisha athi kwenye kila boksi na kila taa yenye mwili wa chuma. Na waya wa kijani na njano usiufanye waya wa kati eti umepungukiwa, ongeza waya.

Rodi ya athi peke yake nayo haitoshi. Chukua udongo mkavu ambamo njia nzima ya kurudi kupitia ardhini ina omu 50: laini ikigusa boksi, gawa 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka ya taa ya ampea 6 haitakata, na boksi litabaki na umeme likimsubiri mtoto. Ndiyo maana namsisitizia kila mteja afunge RCD ya miliampea 30, kifaa kinachozima umeme unapovuja, ambayo inakata hata uvujaji mdogo kama huo.

Kama huna leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, fanya kazi chini ya mwenye nayo, naye aikague kabla ya kuwashwa. Umeme ukiwa bado umezimwa, pima kwa mlio kutoka kila boksi hadi kwenye baa ya athi. Ukishawasha, jaribu mikao yote minne ya swichi: chini na chini, chini na juu, juu na chini, juu na juu. Mikao miwili iwashe, miwili izime. Ikiwaka katika mkao mmoja tu, zima breka uanzie kuangalia COM, maana mara nyingi imebadilishana nafasi na L1 au L2.