Kupiga na Kukata Simu kwa Amri za Modemu: Usiiamini OK Upesi

Anayeanza kuiamuru modemu ya simu za kidijitali (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao wa simu) kwa kompyuta hujifunza kupiga kwa muda mfupi, kwa kuwa amri yenyewe ni fupi: ATD, kisha namba, kisha kitufe cha Enter. Kukata ndiko kunakosumbua, na kwa uzoefu wangu programu nyingi zinazoacha simu wazi zimeandikwa na watu waliolichukua jibu la OK kuwa uthibitisho kwamba kazi imekwisha.

Amri hizi zinazoanza na herufi AT zilitokana na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, iliyotumia laini za kawaida za simu ya mezani, na baadaye zikarithiwa na modemu za simu za mkononi kupitia viwango vya 3GPP (muungano wa mashirika yanayoweka viwango vya simu za mkononi), waraka TS 27.007. Urithi huo una gharama yake. Kazi ya modemu ya zamani ilikuwa kusafirisha data, kwa hiyo hadi leo ATD isiyo na nukta mkato (;) mwishoni huhesabiwa kuwa ombi la simu ya data. Ukitaka sauti, andika ATD, namba, halafu nukta mkato. Ukiisahau alama hiyo katika mtandao usiotoa huduma ya simu za data, huenda ukajibiwa NO CARRIER, yaani hakuna muunganisho, nawe ukaanza kuilaumu antena isiyo na kosa.

Kabla ya kupiga, uliza AT+CPIN? na usubiri READY, yaani kadi ya SIM iko tayari na haidai PIN, kisha AT+CREG?, ambayo tarakimu ya pili ya jibu lake ikiwa 1 au 5 modemu imesajiliwa mtandaoni.

Baada ya ATD ya sauti, baadhi ya modemu hujibu OK papo hapo, hata kabla simu ya upande wa pili haijaita. Hali halisi huulizwa kwa AT+CLCC, ambayo hutoa mstari mmoja kwa kila simu iliyopo. Katika mstari huo itazame tarakimu ya tatu, ambapo 2 ni simu inayopigwa, 3 ni simu inayoita kule iendako, na 0 ni simu iliyokwisha kupokewa.

Katika kukata, ATH ndiyo inayojulikana zaidi, lakini nguvu yake juu ya simu ya sauti hutegemea mpangilio wa AT+CVHU: ukiwa 1, modemu huipuuza ATH na bado hujibu OK kwa adabu zote. Ndiyo maana kwa sauti mimi hutumia AT+CHUP, kisha huuliza AT+CLCC mpaka irudi na OK tupu, bila mstari wowote wa simu.

Simu ya data ina hatua ya ziada, kwa sababu kila unachoandika hupelekwa upande wa pili kama data. Ni lazima kwanza urudi katika hali ya amri kwa kutuma +++ pasipo Enter, ukiiacha laini kimya kwa takriban sekunde moja kabla na baada yake. Ndipo ATH ifuate. Ukibadili nia, ATO itakurudisha kwenye data.

Simu ikikatika bila wewe kuomba, tuma AT+CEER mara moja kabla ya kupiga tena, kwani inaeleza sababu ya simu ya mwisho kukatika au kushindwa, na jaribio jipya likishindwa pia, maelezo utakayoyapata yatakuwa ya jaribio hilo.